Samora Machel: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayorudiwa zaidi kuhusu Samora Moisés Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Huulizwa na wanafunzi wa historia, na wapita njia wa Barabara ya Samora jijini Dar es Salaam, na watu ambao wazee wao waliishi karibu na kambi za wapigania uhuru. Tumeanza na ya msingi. Jambo lililokwisha kuelezwa hatulirudii. Tunataja namba ya swali.

Msomaji atambue tangu mwanzo msimamo unaopita katika majibu haya: Samora alifundishwa kazi ya uongozi kambini, na nchi nzima aliiongoza kama kambi. Mazuri yake mengi na makosa yake mazito yametoka chungu kimoja.

## Mambo ya msingi

1. Samora Machel alikuwa nani, kwa ufupi?

Alikuwa muuguzi kutoka kusini mwa Msumbiji aliyejiunga na chama cha ukombozi cha FRELIMO jijini Dar es Salaam mwaka 1963, akawa mkuu wa ulinzi wa chama mwaka 1966 na rais wa chama mwaka 1970. Tarehe 25 Juni 1975 akawa rais wa Jamhuri ya Watu wa Msumbiji. Mwaka 1977 chama chake kilijitangaza rasmi kuwa chama cha Kimarx-Lenin. Alifariki katika ajali ya ndege tarehe 19 Oktoba 1986, akiwa na umri wa miaka 53.

2. Alizaliwa wapi, na familia yake ilikuwa na hali gani?

Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1933 katika kijiji kinachoitwa leo Chilembene, wilaya ya Chókwè, mkoa wa Gaza, kwenye bonde la mto Limpopo. Ni eneo lililokuwa chini ya dola ya Gaza, ambayo mfalme wake Ngungunyane alikamatwa na Wareno mwaka 1895.

Wazazi wake walikuwa wakulima, tena si wa kubahatisha. Tatizo lilikuwa sheria. Mkulima mweusi alilazimishwa kulima pamba, na mazao yake yalinunuliwa kwa bei ya chini kuliko ya mlowezi. Miaka ya 1950 serikali ya Kireno ikajenga mradi mkubwa wa umwagiliaji katika bonde hilo na kuwagawia walowezi ardhi ya wenyeji. Wanaume wa Gaza walizoea kwenda migodini Afrika Kusini kama manamba. Wengine walirudi na mapafu yaliyooza, wengine hawakurudi. Mambo haya yakumbukwe, maana yanarudi katika swali la 14.

3. Je, kweli alikuwa muuguzi?

Ndiyo. Baada ya shule za misheni ya Kikatoliki alianza mafunzo ya uuguzi mwaka 1954 mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, akafanya kazi katika hospitali ya Miguel Bombarda na baadaye katika kisiwa cha Inhaca. Muuguzi mweusi alilipwa pungufu ya mweupe kwa kazi ile ile.

Uuguzi haukuwa jambo la kupita tu katika maisha yake. Hotuba zake akiwa rais zimejaa usafi, vyoo, maji na namna mgonjwa anavyopokelewa. Alipotembelea hospitali aliingia wodini na kukagua mwenyewe.

4. Jina lake hutamkwaje?

Kwa Kireno «ch» husomwa kama «sh», kwa hiyo ni «Mashel», mkazo ukiwa mwishoni. Wamsumbiji wengi humwita Samora tu, na ndivyo tunavyofanya hapa.

## Tanzania na miaka ya vita

5. Alifikaje Dar es Salaam?

Eduardo Mondlane, msomi wa Msumbiji aliyekuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa, alitembelea nchi yake mwaka 1961, na Samora akakutana naye. Machi 1963, polisi wa siri wa Kireno wakiwa wameanza kumfuatilia, Samora aliondoka. Alipita Swaziland na Afrika Kusini hadi Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Huko palikuwa na ndege ya kuwapeleka Tanganyika vijana wa ANC ya Afrika Kusini. Ilikuwa imejaa, lakini J. B. Marks, mmoja wa viongozi wa ANC, alikubali kumshusha kijana wake mmoja ili Samora apate nafasi.

Wenzake wasomi walielekezwa kwenye masomo ya nje. Yeye aliomba jeshi. Akapelekwa Algeria na kundi la pili la vijana wa FRELIMO kwa mafunzo ya kijeshi, kisha akarudi kuiongoza kambi ya Kongwa.

6. Je, ndiye aliyeanzisha FRELIMO?

Hapana, na hili ndilo kosa linaloonekana zaidi kwenye majibu ya mitihani. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganishwa vyama vitatu: UDENAMO, MANU na UNAMI. Rais wake wa kwanza alikuwa Mondlane. Samora alikuwa bado Msumbiji.

Wala si yeye aliyefyatua risasi ya kwanza. Shambulio la Chai, mkoani Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, tarehe 25 Septemba 1964, linalohesabiwa kuwa mwanzo wa vita, liliongozwa na Alberto Chipande.

7. Kongwa, Nachingwea na Tunduru: tofauti yake ni nini?

Watu huzichanganya. *Kongwa*, mkoani Dodoma, ilitangulia, na haikuwa ya FRELIMO peke yake. ANC, SWAPO ya Namibia na wengine nao walikuwa na kambi zao hapo. *Nachingwea*, mkoani Lindi, ndiyo iliyokuwa moyo wa jeshi la FRELIMO kuanzia katikati ya miaka ya 1960, siku chache za safari kutoka mto Ruvuma. Wakufunzi wa Kichina walifundisha hapo. *Tunduru* palikuwa na kituo cha elimu, shule na watoto. Uti wa mgongo wa yote ulikuwa serikali ya Mwalimu Nyerere na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliyokuwa na makao Dar es Salaam.

Ukitaka kumwelewa Samora, anza na Nachingwea. Mmakua, Mshangaan, Mmakonde na Msena walilala bweni moja, wakala sufuria moja na kuelewana kwa Kireno, lugha ya adui iliyogeuzwa ya umoja. Kila mtu alishika jembe, kamanda naye hakuachwa. Kuanzia mwaka 1967 wasichana nao walifunzwa silaha katika kikosi chao. Kambi ilijilisha kwa mashamba yake, na jioni waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Samora aliamini kabisa kwamba hapo ndipo Mmsumbiji mpya anapofinyangwa.

8. Alipandaje hadi kuwa kiongozi wa chama?

Kwa hatua tatu, na mbili kati yake zilitokana na vifo.

Oktoba 1966 mkuu wa ulinzi, Filipe Samuel Magaia, alipigwa risasi Niassa, mkoa wa kaskazini, na mpiganaji wa FRELIMO mwenyewe. Samora akachukua nafasi yake. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Makamu wake, Uria Simango, hakupewa urais moja kwa moja. Chama kikaunda uongozi wa watu watatu: Simango, Marcelino dos Santos na Samora. Novemba 1969 Simango alichapisha waraka wa kuwashutumu wenzake hadharani, akafukuzwa. Mei 1970 Samora akawa rais wa chama na dos Santos makamu.

9. Ugomvi wa 1968 na 1969 ulikuwa wa kikabila?

Kwa sehemu, ndiyo. Wengi wa wapiganaji walikuwa watu wa kaskazini na wengi wa viongozi walikuwa watu wa kusini, na jambo hilo liliuma. Lakini anayeishia hapo anakosa kiini. Swali kubwa lilikuwa: maeneo yaliyokombolewa yaendeshwe vipi?

Lazaro Kavandame, kiongozi wa Cabo Delgado, alisimamia maduka ya ushirika katika maeneo hayo. Upande wa Samora ulimshutumu kwamba yeye na wenyeviti wake walinunua mazao ya wakulima kwa bei ya kuonea na kuuza chumvi, nguo na sabuni kwa faida yao wenyewe. Kwao, huko kulikuwa kumfukuza Mreno ili kukaa kwenye kiti chake. Kavandame aliondolewa mwanzoni mwa 1969, kisha akajisalimisha kwa Wareno. Kabla ya hapo, mwaka 1968, Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, shule ya FRELIMO, ilifungwa baada ya ghasia za wanafunzi waliokataa kwenda vitani.

Samora alitoka katika ugomvi huo na imani mbili zilizomkaa daima: kwamba adui wa ndani ni hatari kuliko wa nje, na kwamba anayepinga msimamo wa chama ana maslahi yake anayoyaficha. Imani ya pili ilikuja kuwagharimu watu maisha (swali la 16).

10. Josina alikuwa nani?

Josina Muthemba alizaliwa tarehe 10 Agosti 1945. Alikamatwa akijaribu kutoroka nchi, akajaribu tena, akafika Tanzania, akapata mafunzo Nachingwea na kuongoza kazi za wanawake na malezi ya watoto yatima wa vita. Alifunga ndoa na Samora Mei 1969 huko Tunduru. Mtoto wao Samito alizaliwa mwaka huo huo. Aliugua huku akiendelea na safari ndefu za miguu ndani ya Msumbiji, akafariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, hajatimiza miaka 26. Alizikwa makaburi ya Kinondoni. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, na ni sikukuu ya taifa.

11. Vita viliishaje? FRELIMO iliwashinda Wareno kijeshi?

FRELIMO haikuiteka miji. Ilichofanya ni kuhakikisha Wareno hawawezi kushinda. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga alianzisha operesheni kubwa kaskazini kwa maelfu ya askari, ndege na mizinga. FRELIMO haikujaribu kuizuia uso kwa uso. Ilitawanyika na kusukuma vita kupitia Tete, hadi Manica na Sofala mwaka 1972. Askari wa Ureno walichoka, na maofisa waliochoka wakaipindua serikali yao mjini Lisbon tarehe 25 Aprili 1974.

Wareno walitaka kwanza kusitisha mapigano, kisha kura ya maoni. Samora alikataa: uhuru haupigiwi kura, akasisitiza, na mapigano yakaendelea hadi Mkataba wa Lusaka ulipotiwa saini tarehe 7 Septemba 1974. Serikali ya mpito iliongozwa na Joaquim Chissano. Samora mwenyewe alibaki Tanzania, kisha Mei 1975 akavuka Ruvuma na kushuka nchi nzima akihutubia mkoa kwa mkoa hadi Maputo. Uhuru ulitangazwa uwanja wa Machava usiku wa kuamkia 25 Juni 1975, tarehe ile ile ya kuzaliwa chama (swali la 6).

## Kiongozi wa dola

12. Je, aliwahi kuchaguliwa na wananchi?

Si kwa kura ya moja kwa moja. Katiba ya 1975 ilisema rais wa FRELIMO ndiye rais wa jamhuri. Mwaka 1977 mabaraza ya wananchi yalichaguliwa kuanzia kijijini kwa mikutano ya hadhara: jina la mgombea lilisomwa mbele ya watu, na waliomjua walisimama kusema kama alikuwa nyapara, mlevi, au mpiga mke. Wengi walikataliwa kwa njia hiyo. Lakini chama kilikuwa kimoja, na ngazi ya juu haikuguswa na utaratibu huo.

Mitaani na viwandani palikuwa na vikundi vya uhamasishaji vya watu wachache. Mtanzania anaweza kuvilinganisha na balozi wa nyumba kumi, isipokuwa vilikuwa na kazi nyingi zaidi, kuanzia kusafisha mtaa hadi kusuluhisha ndoa na kuchunga mgeni aliyelala kwa jirani.

13. Alitaifisha nini, na matokeo yalikuwaje?

Tarehe 24 Julai 1975, mwezi mmoja baada ya uhuru, zilitaifishwa shule, hospitali na zahanati binafsi, ofisi za mawakili, na hata huduma za mazishi. Hii ya mwisho hushangaza watu. Sababu ni kwamba mazishi nayo yalikuwa na daraja la weupe na daraja la weusi. Tarehe 3 Februari 1976 zikafuata nyumba za kupangisha. Mwenye nyumba alibaki na anayoishi. Nyingine zikawa za dola chini ya shirika la APIE, na kodi ikapangwa kwa kuangalia kipato cha mpangaji. Familia za vibanda vya mabati ziliingia maghorofani kwa mara ya kwanza. Kilichoharibika ni matengenezo: kodi ilikuwa ndogo mno kugharamia lifti, pampu za maji na mabomba, na mafundi walikuwa wameondoka.

Walowezi wengi walihama kabla na baada ya hapo, wengine wakiharibu mashine na kuteketeza magari kabla ya kupanda ndege. Viwanda vingi havikutaifishwa kwa mpango. Dola ilivichukua kwa sababu wenyewe walivitelekeza.

14. Alikuwa mkomunisti kweli, au alitafuta silaha za Warusi?

Alikuwa mkomunisti kweli, lakini si wa kuamrishwa. Ukomunisti wake ulianzia shambani kwa baba yake na hospitalini, ukakomaa Nachingwea, na vitabu vikaja baadaye. Mkutano mkuu wa tatu wa FRELIMO, Februari 1977, uliupa jina, na mwezi uliofuata ukasainiwa mkataba wa urafiki wa miaka 20 na Umoja wa Kisovieti. Hata hivyo hakuwapa Wasovieti kituo cha kudumu cha kijeshi, na urafiki na China hakuutupa. Msumbiji ilipoomba kuingia COMECON, jumuiya ya uchumi ya nchi za kikomunisti, ilikataliwa.

Pale imani ilipokosea hesabu ni kilimo. Ardhi ya walowezi wa Limpopo, ile ile waliyonyang'anywa wakulima wa Chókwè (swali la 2), haikurudishwa kwa wenyewe. Iligeuzwa shamba kubwa la dola lenye matrekta na wataalamu wa kigeni. Matrekta yalikosa vipuri, mpunga ulisimama shambani kwa kukosa wa kuvuna, na jirani zake Samora mwenyewe wakawa vibarua kwenye ardhi ya babu zao. Mkutano mkuu wa nne, Aprili 1983, ulikiri kosa hilo, na shamba likaanza kugawanywa, baadhi yake kwa familia. Kukiri huko kulikuwa kwa kweli. Kulichelewa.

15. Vijiji vyake vilikuwa sawa na vijiji vya ujamaa vya Tanzania?

Vilifanana kwa lengo: kukusanya watu ili wapate shule, zahanati na maji. Asili yake ndiyo tofauti. Huko Cabo Delgado vingi vilikuwa vijiji ambamo Wareno waliwafungia watu wakati wa vita ili wasiwasaidie wapiganaji. Vilibadilishwa jina tu. Vingine vilijengwa baada ya mafuriko. Lililoharibika ni lile lile lililoonekana Tanzania: shamba likawa mbali na nyumba, mikorosho ikaachwa porini, na machifu na wazee wa mila wakawekwa kando wakati watu bado waliwasikiliza. RENAMO, waasi waliopigana na serikali (swali la 18), walijua kulitumia jeraha hilo. Walichoma vijiji na kuwaambia watu warudi kwenye makao yao ya zamani.

16. Kambi za kuelimishwa upya zilikuwa nini? Na Operesheni Uzalishaji?

Kambi hizo, nyingi zikiwa Niassa, zilipokea makahaba, walevi, wezi, maofisa wa zamani wa mkoloni, na pia wapinzani wa kisiasa. Mtu alipelekwa bila mahakama na bila kuambiwa atatoka lini. Mashahidi wa Yehova, waliokataa kushiriki siasa, walipelekwa kwa maelfu Milange, Zambezia. Wazo lilikuwa Nachingwea: kazi ya jembe na masomo humbadili mtu. Lakini Nachingwea watu walikwenda kwa hiari yao, na hapo ndipo hoja nzima inapoanguka.

Simango, Kavandame, Joana Simeão na wengine walionyeshwa hadharani Nachingwea mwaka 1975, Simango akasoma maungamo yake mbele ya umati. Baadaye waliuawa kizuizini Niassa bila kesi. Hakuna namna ya kulisema jambo hili likawa jepesi, na anayemheshimu Samora hana budi kulibeba pamoja na mengine.

Operesheni Uzalishaji ilikuja mwaka 1983. Mjini kila mtu mzima alitakiwa kuwa na kadi ya ukaazi na kadi ya kazi. Asiye nazo alihesabiwa hazalishi, akasafirishwa, wengi kwa ndege, hadi Niassa kulima. Makumi ya maelfu walichukuliwa, wakiwemo watu waliosahau kadi nyumbani na wanawake wasio na waume. Niassa hakukuwa na mbegu, majembe wala chakula cha kuwatosha. Mwaka huo huo adhabu ya viboko ilirudishwa kisheria, jambo lililowauma hata wafuasi wake, kwa kuwa kiboko kilikuwa alama ya Mreno. Cha kusikitisha zaidi, mwaka 1981 Samora mwenyewe alikuwa ametoa hotuba kali ya kulaani polisi na usalama wanaotesa watu.

17. Alifanya nini katika afya na elimu?

Hapa rekodi yake inasimama vizuri. Wakati wa uhuru zaidi ya asilimia 90 ya watu hawakujua kusoma, na madaktari waliobaki hawakufika 100 kwa nchi nzima. Kampeni ya chanjo ilizunguka kila mkoa kuanzia 1976. Wahudumu wa vijiji walifundishwa kwa miezi michache. Serikali ilitunga orodha ya dawa muhimu na kuzinunua kwa majina yake ya kisayansi kwa zabuni, badala ya majina ya kibiashara, na hivyo kuokoa fedha za kigeni. Elimu ilisimamiwa na waziri Graça Simbine (swali la 22). Ndiyo maana RENAMO walilenga shule na zahanati: ndizo zilizowafanya watu waipende serikali.

## Majirani, vita vipya na kifo

18. Kwa nini alifunga mpaka na Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ilhali nchi yake ilitegemea mapato ya bandari?

Kwa sababu Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo, na kwa sababu aliona uhuru wa Msumbiji haukamiliki huku jirani akiwa utumwani. Mpaka ulifungwa tarehe 3 Machi 1976. Beira ilipoteza mizigo, reli ikapoteza kazi, na ndege za Ian Smith, waziri mkuu wa Rhodesia, zikashambulia ndani ya Msumbiji. Nyadzonya 1976 na Chimoio 1977 waliuawa mamia ya wakimbizi na wapiganaji wa Zimbabwe. Wakati huo huo makaburu walipunguza wachimba migodi kutoka Msumbiji, kutoka takriban 118,000 mwaka 1975 hadi chini ya nusu ya idadi hiyo mwaka uliofuata. Mazungumzo ya London ya 1979 kuhusu uhuru wa Zimbabwe yalipokwama, Samora ndiye aliyemshinikiza Robert Mugabe asaini.

RENAMO ilizaliwa katika mgogoro huo. Iliundwa na idara ya ujasusi ya Rhodesia, na Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 ikahamishiwa mikononi mwa jeshi la Afrika Kusini.

19. Mkataba wa Nkomati ulikuwa usaliti?

Wengi wa ANC waliona hivyo. Tarehe 16 Machi 1984 Samora na P. W. Botha, kiongozi wa Afrika Kusini, walisaini kwamba hakuna nchi itakayosaidia wapinzani wa mwenzake. Samora aliwaondoa wapiganaji wa ANC, akawaachia ofisi ndogo Maputo. Makaburu hawakutimiza. Agosti 1985 majeshi ya Msumbiji na Zimbabwe yaliteka makao makuu ya RENAMO huko Gorongosa na kukuta shajara zinazoonyesha misaada ya Afrika Kusini ikiendelea.

Kwa maoni yetu haukuwa usaliti. Ulikuwa uamuzi wa mtu ambaye nchi yake ilikuwa na ukame, njaa na vita kwa mpigo, na ambaye Moscow haikuweza kumlisha. Mwaka huo huo Msumbiji ilijiunga na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, na Septemba 1985 alipokewa Ikulu ya Marekani na Ronald Reagan.

20. Ni nini hasa kilitokea Mbuzini?

Tarehe 19 Oktoba 1986 Samora alikuwa anarudi kutoka mkutano wa marais huko Mbala, Zambia, kwa ndege ya Tupolev Tu-134 iliyorushwa na marubani wa Kisovieti. Ndani walikuwa watu 44. Ikikaribia Maputo usiku, ndege iligeuka kulia kwa nyuzi 37, mapema mno, ikielekea milima ya Lebombo badala ya uwanja. Marubani hawakuona taa za Maputo, wakadhani umeme umekatika. Waliendelea kushuka. Kengele ya kuonya kwamba ardhi iko karibu ililia kwa sekunde 32, na hawakupandisha ndege. Saa 3:21 usiku iligonga kilima cha Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini karibu kabisa na mpaka. Kumi walitoka wakiwa hai. Mmoja wao alifariki baadaye, na jumla ya waliokufa ikawa 35. Miongoni mwao walikuwa Aquino de Bragança, mshauri wake, na waziri wa uchukuzi Alcântara Santos.

21. Basi aliuawa au ilikuwa ajali?

Hakuna hukumu iliyokubaliwa na wote. Tume ya Jaji Cecil Margo ya Afrika Kusini iliwalaumu marubani. Wasovieti walikubali kwamba ndege iligeuka kwa kufuata ishara ya redio ya kuongozea ndege isiyo ya Maputo, lakini wakasema ishara hiyo ilikuwa ya uongo, imewekwa makusudi. Wengine wanadhani marubani walinasa kwa kukosea ishara ya uwanja wa ndege wa Matsapha, Swaziland. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilichunguza upya mwaka 1998, haikutoa jibu la mwisho, ikasema maswali kuhusu ishara ya uongo na kimya cha rada za Afrika Kusini yanastahili uchunguzi zaidi.

Katika kupima, kumbuka mambo mawili. Waziri wa ulinzi wa makaburu, Magnus Malan, alimtishia Samora hadharani siku chache kabla. Na Maputo iliarifiwa asubuhi iliyofuata, saa nyingi baada ya ndege kuanguka. Hayo yanaonyesha nia mbaya; ishara ya uongo yenyewe haijathibitishwa.

Chissano alichukua urais Novemba 1986. Wanajeshi wa Tanzania walipelekwa kusaidia dhidi ya RENAMO na kurudi nyumbani mwaka 1988. FRELIMO iliacha Umarx-Lenin mwaka 1989, na amani ilisainiwa Roma tarehe 4 Oktoba 1992.

## Maswali ya pembeni

22. Graça ndiye yule mke wa Mandela?

Ndiye. Graça Simbine aliolewa na Samora mwaka 1975, kisha na Nelson Mandela tarehe 18 Julai 1998. Ni mama wa watoto wawili wa Samora, Josina na Malengane. Bintiye alipewa jina la yule wa swali la 10, kwa hiyo ukisoma «Josina Machel» katika habari za leo, angalia ni yupi anayesemwa.

23. Tarehe zipi hukosewa zaidi?

Februari 3 ni kifo cha Mondlane (1969), Siku ya Mashujaa. Septemba 7 ni Mkataba wa Lusaka. Septemba 25 ni mwanzo wa vita. Juni 16 ni mauaji ya Mueda (1960), Wareno walipowapiga risasi wananchi huko Cabo Delgado, na siku hiyo mwaka 1980 sarafu ya metikali ilichukua nafasi ya escudo. Barabara ya 24 de Julho mjini Maputo huwachanganya wengi: jina lake ni la enzi za Wareno, linatokana na tukio la 1875, lakini liliachwa kwa kuwa limeangukia siku ya utaifishaji (swali la 13).

24. Amezikwa wapi, na Mbuzini kuna nini?

Amezikwa Maputo, Uwanja wa Mashujaa, ndani ya jengo lenye umbo la nyota, pamoja na Mondlane na Josina. Sanamu yake ya mita 9 iko Uwanja wa Uhuru. Mbuzini, mkoa wa Mpumalanga, kuna mnara uliobuniwa na José Forjaz na kufunguliwa Januari 1999: mabomba 35 ya chuma, moja kwa kila aliyekufa. Mabomba yana nyufa, na upepo wa Lebombo ukivuma hutoa mlio kama wa maombolezo. Mabaki ya ndege yako hapo hapo.

25. Daraja la Umoja linahusiana naye?

Ndiyo. Yeye na Mwalimu Nyerere ndio waliokubaliana wazo la daraja juu ya Ruvuma mwaka 1975. Vita na umaskini vililichelewesha. Lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na marais Kikwete na Guebuza, lina urefu wa mita 720, na linaunganisha Mtambaswala, mkoani Mtwara, na Negomano, Cabo Delgado.